Mguu na Kipimo Chake

Mguu ni mtumishi asiyesifiwa. Jicho hupewa mashairi, mkono hupewa pete, kichwa hupewa kofia na taji. Mguu hupewa mavumbi. Hata hivyo, atakaye kujua kama mtu ni mkweli kwa nafsi yake hana haja ya kumtazama usoni, maana uso hujifunza hila mapema. Na amtazame anaponunua viatu. Hapo, kwa dakika chache, mtu huketi baina ya mambo mawili: mguu alio nao na kiatu anachokitamani. Kama mawili hayo hayapatani, ni lazima moja lishinde. Na ajabu ni kwamba linaloshindwa mara nyingi ni lile lisiloweza kubadilishwa.

Jambo hili laonekana vizuri Dodoma. Mji huu, uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya Tanzania, na ambao tangu mwaka 2016 umepokea wizara na watumishi kwa wingi, umekuwa mji wa viatu vyeusi. Wabunge, makatibu, mawakili, wahadhiri, na wahitimu wa Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, hupita wakiwa wamevaa viatu vya ngozi vya mtindo wa Kiingereza, vyenye kamba, soli ngumu na kisigino kifupi. Vingine ni vipya; vingi vimefika katika marobota ya mitumba. Ardhi vinayoikanyaga ni uwanda mkavu, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, nchi ya mibuyu na miiba na vumbi, ambako mvua ni mgeni wa miezi michache. Kiatu kilichozaliwa katika nchi ya manyunyu kimehamia katika nchi ya jua. Basi huzuka swali ambalo si dogo kama lionekanavyo: je, ni halali mtu kuuumiza mwili wake ili apate heshima machoni pa watu? Na heshima ipatikanayo hivyo ni ya nani, ya mtu au ya kiatu?

Na uchukuliwe mfano wa kijana aliyemaliza masomo na kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mama yake, huko kijijini upande wa Mpwapwa, ameuza mbuzi wawili ili mwanawe asiingie mbele ya wakubwa na viatu vilivyochoka. Kijana anafika sokoni, anakiona kiatu cheusi, chembamba, king'aacho kama maji ya kisima. Anakijaribu, kinambana. Mwuzaji anatamka neno ambalo wauzaji wa viatu hulijua kote duniani: "Kitatanuka." Neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa kanzu. Ngozi njema hutanuka kwa upana, haiongezeki urefu. Kidole kinachogonga ncha ya kiatu leo kitaigonga hata kiatu kizeeke.

Elimu ya kuchagua kiatu cha namna hii si ngumu, lakini ina masharti. Kwanza, zipo aina mbili kuu. Katika ile iitwayo Oxford, pande mbili zenye matundu ya kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, hata kiatu hufunga kama mlango uliotiwa komeo. Katika ile iitwayo Derby, pande hizo zimeshonewa juu ya ngozi ya mbele, nazo zaweza kufunguka zaidi. Adabu ya Waingereza huihesabu ya kwanza kuwa rasmi kuliko ya pili. Lakini mguu wenye mgongo ulioinuka hauijui adabu hiyo, nao hupata raha katika Derby na adhabu katika Oxford. Pili, namba ni jina tu, si kweli yenyewe. Kwa hesabu ya Kiingereza namba moja huizidi ya nyuma yake kwa theluthi ya inchi, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya shayiri. Na kiatu wakiitacho 8, Ulaya bara huitwa 42 au karibu yake. Tena kila mtengenezaji ana kalibu zake za mti ambazo juu yake viatu hujengwa, na 8 ya huyu si 8 ya yule.

Tatu, miguu miwili ya mtu mmoja aghalabu hailingani. Apimaye na aipime yote, akiwa amesimama, amevaa soksi atakazozivaa siku zote, na saa ya jioni ambapo mguu umevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Na kiatu kiufuate mguu ulio mkubwa. Nne, urefu wa mguu hauishii penye vidole. Fundo la kidole gumba, pale mguu unapokunjika katika mwendo, sharti liangukie pale kiatu kilipo kipana na kinapokunjika. Kisigino kishikwe bila kunyongwa, vidole vipate nafasi ya kucheza, na kamba za Oxford mpya zikifungwa, pande zake ziache mwanya mdogo. Zikikutana siku ya kwanza, hapatabaki mahali pa kukaza ngozi itakapolegea.

Mwenye kuyatafakari masharti haya ataona kwamba yote yana neno moja ndani yake: anza na mguu. Hakuna hata moja lisemalo anza na kioo. Kioo cha dukani huonyesha kiatu kwa mbali, na mbali ndipo mahali pa watu wengine. Maumivu hukaa karibu, na karibu hakai mtu ila mwenyewe. Plutarch, mwandishi wa kale wa Ugiriki, alisimulia juu ya Mrumi mmoja aliyelaumiwa na rafiki zake kwa kumpa talaka mke mwenye sifa njema zote. Mrumi yule alinyosha kiatu chake, akawauliza kama si kizuri, kama si kipya, na kama yupo miongoni mwao awezaye kujua kinambana wapi. Waswahili walilisema jambo hilo kwa ufupi zaidi: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Pana watu husema kwamba mjadala wote huu ni wa utumwa; kwamba kiatu cha Kiingereza ni mabaki ya ukoloni, na Mwafrika mwenye heshima na akitupe. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini imelenga pasipo shabaha. Lugha ya Kiswahili yenyewe ilipokea buti, soksi na soli kutoka kwa Kiingereza, wala haikuwa mtumwa kwa sababu hiyo. Iliyapima maneno hayo kwa kalibu yake, ikayapa irabu mwishoni, ikayatia katika ngeli zake, yakatembea kama maneno ya nyumbani. Kosa si kupokea kitu cha mgeni. Kosa ni kukipokea bila kukipima, na kitu kisipotosha, kukata mguu badala ya kukata ngozi.

Uwanda wa Dodoma una ushahidi mkubwa wa kosa hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko Kongwa mpango wa kulima karanga ili kuipatia nchi yake mafuta ya kula baada ya vita. Ekari zaidi ya milioni 3 zilipangwa kulimwa, sehemu kubwa katika Tanganyika, na taarifa iliyoutegemeza mpango huo ilitokana na safari ya wiki chache tu. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita vilifanywa mashine za kung'olea magogo. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka hushikamana kama saruji, nao ulivunja na kumaliza majembe ya mashine. Na mvua haikuja kwa hesabu iliyoandikwa London. Wagogo, waliojua kwa vizazi jinsi mvua ya uwanda ule inavyodanganya, hawakuwa ndio walioulizwa kipimo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimepotea. Kilikuwa kiatu kikubwa, cha gharama, kilichoshonwa bila kuuona mguu.

Wala kosa hilo si la wageni peke yao. Katika nchi huru kilijengwa kiwanda cha viatu cha Morogoro, kwa fedha za Benki ya Dunia, kwa tumaini la kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Waliolipa deni hawakupata viatu. Ni kejeli nzito kwamba kiwanda kilichokusudiwa kupima miguu ya wageni kilisahau kuipima nchi iliyokibeba.

Wengine husema tena kwamba maskini hana uchaguzi, huvaa apatacho. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na haifai kujibiwa kwa dharau. Aristotle aliandika kwamba fundi mwema wa viatu hutengeneza kiatu kilicho bora kutokana na ngozi aliyopewa. Hakusema ngozi bora, alisema iliyopo. Vivyo hivyo mnunuzi mwenye fedha kidogo hawezi kuchagua vyote, lakini aweza kuchagua asidanganyike. Viatu vyema vya Kiingereza, kama vile vitengenezwavyo Northampton, huzungushiwa ukanda wa ngozi ulioshonwa kwenye ngozi ya juu na soli ya ndani, kisha soli ya nje hushonwa kwenye ukanda huo. Hivyo soli ikiisha, fundi aweza kuiondoa na kutia nyingine. Chini ya unyayo huwekwa tabaka la gome lile litengenezalo vizibo vya chupa, nalo hushuka polepole likachukua umbo la mvaaji. Basi anunuaye kiatu cha mtumba hununua ngozi njema kwa bei ndogo, ila hununua pia kumbukumbu ya unyayo wa mtu mwingine. Na aingize mkono ndani, apapase shimo la kisigino na la vidole; na atazame mikunjo ya juu, aone kama inaangukia pale mguu wake unapokunjika. Kupapasa hakuna gharama.

Tena pembeni mwa barabara hukaa fundi wa katambuga, akikata viatu kwa mpira wa gurudumu kuukuu. Mteja wake hukanyaga mpira, naye hufuata ukingo wa unyayo kwa kisu au chaki. Hana kioo, hana namba, hana jina la mji wa Uingereza. Ana mguu ulio mbele yake. Mchungaji aliyevaa katambuga hutembea kutwa nyuma ya ng'ombe juu ya miiba ya uwanda ule wala hachechemei. Kwa kipimo cha ukweli, fundi huyo ni ndugu wa fundi bora wa Northampton, na wote wawili ni wageni kwa mwuzaji asemaye "kitatanuka".

Lasalia neno la maumivu. Yapo maumivu ya halali: ya mwanafunzi akeshaye, ya mama ajifunguaye, ya mkulima ainamaye. Hayo huzaa kitu. Maumivu ya kiatu kinachobana hayazai kitu ila uso wa bandia, na mara nyingi hulipwa na asiyehusika. Mtumishi aliyeumia miguu tangu asubuhi humjibu kwa ukali bibi aliyetoka Bahi kwa basi kuulizia kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Bibi hajui kwamba amejibiwa na kidole. Hapo aibu ya mtu mmoja, aliyeona haya kukiri ukubwa wa mguu wake, imekuwa dhuluma kwa mwingine.

Kijana wa mfano, basi, na akirudishe mezani kiatu kile kinachong'aa. Na achague Derby iliyo namba moja mbele, isiyo na mng'aro, yenye soli iliyolika. Aipeleke kwa fundi aketiye chini ya mti, itiwe soli mpya kwa fedha iliyobaki ya mbuzi wa mama yake, kisha aipake mafuta, maana hewa ya Dodoma hupasua ngozi kama ipasuavyo midomo. Usaili una hatari zake, na kiatu hakiwezi kuziondoa. Pengine kazi atapewa mwingine. Lakini atakapoulizwa swali atalifikiria swali, hatakifikiria kidole. Na atakaporudi kijijini kumweleza mama yake yaliyompata, ataweza kuishuka ile njia ya mawe kwa miguu yake mwenyewe, bila kuvivua.