Kiti Kwanza, Kisha Zaburi

Tafakari ya juma
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Zaburi 91, Mathayo 4:5–7, Luka 2:41–48

Baada ya sheria ya ng'ombe aliyepotea na ile ya kiota cha ndege, Musa anaweka sheria moja fupi ya ujenzi ambayo ni nadra kuisikia mimbarani. Anayejenga nyumba mpya ameamriwa azungushie dari yake ukingo, asije akaleta damu juu ya nyumba hiyo mtu akianguka kutoka juu. Kisha Musa anaendelea na habari za mbegu na mashamba ya mizabibu, kana kwamba hakusema neno zito.

Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, na watu waliishi huko juu karibu sawa na walivyoishi chini. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda darini kusali kule Yafa, saa sita mchana. Mfalme Daudi alitembea darini jioni akipunga upepo, na tunajua jioni ile ilimfikisha wapi. Darini palikuwa mahali pa kupumzika na kutazama mbali. Ndiyo maana palihitaji ukingo: mtu aliyetulia hawazi kuanguka.

Tazameni sheria hiyo inamwelekea nani. Haimwambii mgeni awe mwangalifu, wala haimkemei mtoto anayekimbia. Inamshika mwenye nyumba, tena siku ile ile anapojenga, kabla hajapanda mtu yeyote.

Nimeichagua juma hili kwa sababu likizo ya shule ya mwezi Machi iko karibu, na baadhi ya familia za ibada yetu ya Kiswahili hapa Houston zimeshakata tiketi za meli za kitalii zinazong'oa nanga Galveston kwenda Cozumel. Kuna nyumba ambazo bibi amefika kutoka Arusha kwa ajili ya safari hiyo. Mmeniomba niwaombee ulinzi wa njiani, nami nitafanya hivyo kwa furaha. Ila kabla ya maombi, nataka tuzungumze kuhusu roshani ya chumba chenu, hasa nyinyi mnaosafiri na mtoto ambaye hajaanza shule.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka reli za ukingo ziwe na kimo kisichopungua inchi 42, yaani kama sentimita 107. Mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha sentimita 95 hivi. Akisimama sakafuni, reli inampita kichwa, na mzazi akitazama anaridhika. Lakini hiyo roshani haiko tupu. Ina viti viwili na meza ndogo, na mtoto wa miaka mitatu huwa hajui kwamba kiti kimetengenezwa kwa ajili ya kukalia. Akipanda juu ya kiti, amejiongezea sentimita 45, na reli sasa inamfika kifuani. Akikanyaga mkono wa kiti, au ile meza, reli inamfika kiunoni. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo akiinama atazame mawimbi, kichwa kinatangulia na miguu inafuata.

Mnaona, basi, kwamba aliyeunda meli ametimiza sheria, na ukingo upo. Hatari imeletwa na kiti. Na kiti kinaondoka: mhudumu wa chumba akiombwa atoe viti na meza roshanini, kwa kawaida atavitoa. Ombi hilo lifanywe siku ya kwanza, kabla masanduku hayajafunguliwa. Muulizeni pia kama mlango wa roshani una komeo la juu, au kama linaweza kuwekwa, maana katika meli nyingine lipo au hufungwa kwa ombi. Katika vyumba vingi kitanda cha sofa, ambacho mtoto hupewa, kiko hatua mbili tu kutoka kwenye mlango huo. Na mlango wenyewe ni mzito. Upepo wa baharini ukiuvuta huwa unafunga kwa kishindo, na vidole vya watoto vimeumia hapo mara nyingi kuliko tunavyosikia.

Kuna jambo jingine ambalo familia kubwa kama zetu hulipenda sana. Mkichukua vyumba viwili vilivyopakana, mnaweza kuomba kizuizi kati ya roshani zenu kifunguliwe, ziwe roshani moja ndefu. Ni raha kweli: chai ya asubuhi pamoja, bibi na wajukuu, bahari mbele yenu. Lakini sasa roshani ina milango miwili. Baba amefunga wa kwake kwa komeo, na bibi ameacha wa kwake wazi kwa ajili ya hewa. Mtoto anaingia kwa bibi na kutokea kwenye roshani ambayo baba anaamini imefungwa.

Hapo ndipo nakumbuka safari ya Yerusalemu katika Luka. Mariamu na Yosefu hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wakirudi Nazareti na msafara wa jamaa na marafiki, watu wanaompenda mtoto wote, na wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kudhani hivyo. Jamaa walipokuwa wengi, ndipo mtoto aliposahaulika. Kama angekuwa anasafiri na mama yake peke yake, asingekosekana kwa saa nzima. Na Yesu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, si mitatu, tena alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu. Msafara wa watu kumi na wanne kwenye meli yenye sitaha kumi na kitu hauna hakika ya kumkuta wa kwao mahali pema kama pale. Namwomba kila baba wa familia anayesafiri asiseme "tumwangalie mtoto." Amtaje mtu kwa jina: saa hizi ni zamu ya shangazi fulani, na shangazi huyo asiwe na simu mkononi.

Sasa nije kwenye zaburi. Zaburi ya 91 tunaipenda, na katika nyumba zetu nyingi imebandikwa ukutani, wakati mwingine juu ya kitanda cha mtoto. Inasema Mungu atawaagiza malaika zake, nao watamchukua mtu mikononi mwao asijikwae mguu wake katika jiwe. Nataka mkumbuke mahali ambapo zaburi hiyo inatajwa tena katika Injili, na aliyeitaja. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamsimamisha ukingoni, akamwambia ajitupe chini, kisha akatoa andiko hilo hilo la malaika kuwa dhamana. Ahadi ilikuwa ya kweli na maneno yalikuwa ya Mungu, ila mahali palikuwa ukingoni mwa kimo kirefu, na msomaji alikuwa adui. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi.

Sisi hatuwatupi watoto wetu, hasha. Lakini kuna namna ya kimya ya kumjaribu Mungu, nayo ni kuacha kiti mahali kilipo, kisha kuomba. Mtu anafunika safari yote kwa damu ya Yesu pale sebuleni, anapaka mafuta mpaka sanduku, halafu akifika chumbani analala na mlango wa roshani umefungwa nusu kwa sababu mvumo wa bahari ni mtamu. Nawaheshimu wanaopaka mafuta. Nasema tu kwamba yeye aliyetoa Zaburi ya 91 ndiye aliyetoa pia sheria ya ukingo wa dari, na hakuitoa kwa watu wasio na imani.

Mwezi Juni 2025, meli moja ya kitalii ilikuwa ikirudi Florida kutoka Bahamas mtoto mdogo akaanguka baharini kutoka sitaha ya nne. Baba yake akaruka nyuma yake. Alimshika majini wakati meli ikizidi kwenda mbele, mpaka mabaharia wakateremsha mashua na kuwaokoa wote wawili. Dunia nzima ilimsifu, nami nilimsifu. Mhubiri yeyote akisikia habari ile tayari ana mahubiri mkononi: Baba anayejitupa katika vilindi ili kumwokoa mtoto wake. Mahubiri hayo ni ya kweli, na huenda siku moja nikayahubiri. Ila leo namfikiria mzazi mwingine, ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo, katika chumba kingine, aliinua kiti cha roshani na kukiingiza ndani. Hakuna aliyempiga picha. Mwanawe alilia kwa sababu alitaka kukitumia. Huyo naye alimwokoa mtoto wake, wala hatajua.

Siandiki haya ili kuwatia hofu, wala kuwahukumu waliokwisha kufikwa. Hapa kwetu wapo waliompoteza mtoto kwa ajali, na neno "uzembe" likitajwa karibu nao linachoma. Kwao nasoma habari ya Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha baba yake zilipofika, yaya wake akamchukua akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Kitabu cha Samweli kinamtaja yaya, kinataja kukimbia kwake, na kinaishia hapo. Hakimwongezei neno la lawama. Tukikutana na mzazi wa namna hiyo nasi tuishie hapo. Tusimwambie pia kwamba Mungu alimpenda mtoto zaidi akamchukua. Sijaona pahali ambapo Maandiko yanatutuma kusema hivyo, na wafiwa wengi wananieleza kwamba maneno hayo yaliwaumiza kuliko ukimya.

Haraka, basi, ijulikane kuwa ni adui. Saa za kupanda melini na saa za kushuka, masanduku yakiwa mlangoni na kila mtu akitafuta pasi yake, ndizo saa ambazo macho yote yamo kwenye vitu.

Wanaobaki nyumbani wasione kwamba tafakari hii imewapita. Wengi wetu tunaishi kwenye fleti za ghorofa mbili au tatu zenye roshani, na ndugu zetu wa Nairobi na Dar es Salaam wamo ghorofa ya sita na ya kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Idara ya Afya ya Jiji la New York iliona watoto wakifa kwa kuanguka madirishani, wengi wao wa familia maskini za Bronx. Haikuishia kuwalaumu mama zao. Ilituma watu kugonga milango, kuzungumza na wazazi na kuwagawia bure vyuma vya kuzuia madirishani. Kati ya 1973 na 1975 kuanguka kwa watoto Bronx kulipungua kwa nusu, na mwaka 1976 jiji likatunga sheria inayomlazimu mwenye jengo la fleti kuweka vyuma hivyo palipo na mtoto wa miaka 10 au chini yake. Yaani ni Musa yule yule, ameingia baraza la jiji. Kwa hiyo kama reli ya roshani yenu inatikisika, au nafasi kati ya chuma na chuma inapitisha kichwa cha mtoto, mwandikieni mwenye jengo. Anayeona ugumu wa Kiingereza cha barua hiyo aje ofisini Jumatano, kuna vijana watamsaidia.

Na wale ambao bado hawajakata tiketi, wenye mtoto kati ya mwaka mmoja na mitano, maoni yangu ni haya: chukueni chumba cha ndani kisicho na roshani. Bahari mtaiona kutoka sitahani, mkiwa mmemshika mtoto mkono. Chumba cha ndani ni cha bei nafuu zaidi pia, na mchungaji wenu hatajifanya hakuliona hilo.

Jumapili, baada ya baraka ya mwisho, familia zinazosafiri zibaki mbele tuziombee. Kila familia ije na jina la mtu wa zamu ya alfajiri, ile saa ambayo mtoto ameshaamka na watu wazima bado wanakoroma. Nitaanza na hao, mmoja mmoja, kisha tutaisoma Zaburi ya 91 pamoja.