Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO ALASIRI

Fungu la kukariri: Mwanzo 33:14. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili. Hapo Yakobo anamwomba ndugu yake Esau atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo iliyo mbele yake na wa watoto.

Mzee mmoja wa kanisa mkoani Shinyanga alitumia baiskeli kwa miaka mingi. Ndiyo iliyompeleka shambani, mnadani na kwenye makundi ya waumini vijijini. Baadaye akapata pikipiki, na baiskeli ikakaa ghalani miaka 12. Siku moja alipimwa, akakutwa na shinikizo la damu. Daktari akamshauri arudie mazoezi, aanze taratibu.

Neno "mazoezi" alilisikia vizuri. Neno "taratibu" halikumwingia. Aliipeleka baiskeli kwa fundi, akabadilishiwa tairi na cheni. Jumapili iliyofuata akafuatana na vijana watano kwenda kulitembelea kundi lililokuwa umbali wa kilomita 35. Kabla hawajafika nusu ya njia alikuwa akihema kwa shida, lakini aliona aibu kusema. Walirudi jua likiwa kali, na maji yalikuwa yamekwisha. Alipofika nyumbani miguu ilitetemeka hata mkewe akamsaidia kushuka. Siku ya tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mkewe hakungoja. Alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa kwamba misuli imeumia sana, na sumu yake imeanza kuzielemea figo. Alitundikiwa dripu kwa siku kadhaa, akapona. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia, "Mzee wangu, kurudi kwenye baiskeli hukukosea. Umekosea kuanzia pale ulipoishia miaka 12 iliyopita."

Juma hili tutajifunza kwamba Mungu hufurahia wanaorudi, na kwamba anawapimia safari kwa nguvu walizo nazo leo.

JUMAPILI: "Kama Siku Nyingine"

Soma Waamuzi 16:20. Samsoni alidhani nini alipoamka? Ni jambo gani ambalo hakulijua?

Samsoni aliinuka akitazamia kufanya yale aliyokuwa akiyafanya siku zote. Hakuwa na habari kwamba mambo yamebadilika. Kwake yeye chanzo kilikuwa dhambi, na mzee wetu hakutenda dhambi kwa kuacha baiskeli. Hata hivyo kosa la asubuhi ile linafanana: kuamka leo ukitegemea nguvu za jana bila kujichunguza.

Mwili uliumbwa kwa namna ya ajabu, nao huacha kutunza usichokitumia. Mtu akiacha mazoezi, ndani ya majuma machache tu kiasi cha damu mwilini hupungua, na moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Misuli hupungua kadiri miezi inavyopita. Lakini ujuzi wa kuendesha baiskeli haupotei. Baada ya miaka mingi mtu hupanda na kwenda bila kuyumba, kana kwamba alishuka jana. Hapo ndipo penye mtego: ujuzi unamwambia kwamba anaweza, na mapafu yanakuja kumkanusha akiwa tayari yuko mbali na nyumbani.

Ni katika eneo gani la maisha yako ya kiroho ambapo bado una ujuzi (unajua nyimbo, mafungu na taratibu) lakini nguvu imepungua bila wewe kutambua?

JUMATATU: Yakobo Akataa Haraka

Soma Mwanzo 33:12–14, 17. Esau alipendekeza nini? Yakobo alitoa sababu gani ya kukataa?

Yakobo alikuwa anarudi nyumbani baada ya miaka 20 (Mwanzo 31:41). Usiku uliotangulia alishindana hata alfajiri, akatoka pale akichechemea (Mwanzo 32:31). Esau akaja na watu mia nne, akampa shauri la kusafiri pamoja. Ungetazamia kwamba mtu aliyeitamani nchi yake kwa muda mrefu hivyo angekimbia. Yakobo alikataa. Watoto walikuwa wachanga, na mifugo ilikuwa inanyonyesha. Mifugo ikiendeshwa kwa nguvu hata siku moja, alisema, itakufa yote.

Ni kweli kwamba Yakobo alikuwa na hofu yake juu ya Esau, na mwishowe alielekea Sukothi. Lakini sababu aliyoitoa ni ya mchungaji wa kweli. Siku moja tu inaweza kuharibu mali ya miaka 20. Mwendo wa msafara haupangwi na mwenye nguvu kuliko wote. Hupangwa na aliye dhaifu kuliko wote.

Makanisa yetu yanahitaji kulisikia neno hili. Ndugu aliyekuwa amepoa kwa miaka kumi anarudi Sabato moja, nasi tunafurahi. Kabla robo haijaisha amekuwa mwalimu wa lesoni, mkuu wa huduma na mweka hazina msaidizi. Baada ya muda haonekani tena, nasi tunasema hakuwa ameongoka. Huenda tulimwendesha kwa nguvu siku moja.

JUMANNE: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 18:46 na 19:1–8. Orodhesha mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya kabla ya kumwuliza swali lolote.

Eliya alisimama mbele ya taifa zima mlimani Karmeli, kisha akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, umbali wa kilomita 25 hivi. Mkono wa Bwana ulikuwa juu yake. Lakini tishio la Yezebeli lilipomfikia, alikimbia tena hata Beer-sheba, zaidi ya kilomita 140 kusini, akaongeza mwendo wa siku nzima jangwani. Safari hii hatusomi kwamba mkono wa Bwana ndio uliomsukuma. Chini ya mretemu aliomba afe.

Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena. Mara ya pili akamwamsha, akamlisha, akamweleza kwamba safari iliyo mbele yake inamzidi nguvu. Mbinguni walijua uzito wa safari ile, wala hawakumlaumu nabii kwa kuchoka. Usingizi, chakula na maji ndivyo vilivyotangulia, na sauti ya utulivu na ndogo ilikuja baadaye, huko Horebu.

Mtu aliyechoka kupita kiasi huona mambo yote kuwa meusi. Anadhani imani imekwisha, kumbe amekosa usingizi. Kabla hujatangaza kwamba umeshindwa, jiulize: Nimekula? Nimekunywa maji? Nimelala?

Je, umewahi kuliita "udhaifu wa kiroho" jambo ambalo lilikuwa uchovu wa mwili? Lilikuathiri namna gani?

JUMATANO: Aibu ya Kuachwa Nyuma

Soma Wagalatia 6:4 na 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anatumia mfano wa mashindano. Je, anamshinda nani hasa?

Turudi kwa mzee wetu. Alipokuwa akihema njiani, ni kitu gani kilimzuia kusema, "Vijana wangu, tupumzike kidogo"? Wale vijana walimheshimu. Wangesimama mara moja, na mmoja wao angemtafutia kivuli. Kilichomzuia ni picha yake mwenyewe ya zamani, yule kijana aliyekuwa akiwaacha wote mlimani. Alikuwa akishindana na mtu ambaye hayupo tena.

Paulo anazungumza juu ya mbio, lakini mwili anaoutiisha ni wake mwenyewe. Kwa Wagalatia anaandika kwamba kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, asijipime kwa mwenzake. Kuutiisha mwili si kuupiga mpaka uanguke tu. Wakati mwingine kinachohitaji kutiishwa ni ile sauti inayosema, "Watakuonaje ukisimama?" Mtu aliyezoea kuongoza anaweza kuona ni rahisi zaidi kuumia kuliko kuomba asubiriwe.

Yesu hakuwaonea aibu wanafunzi waliochoka. Walipotoka kwenye utume, wakiwa na habari nyingi njema, aliwaita waende mahali pasipo watu wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Umati ulikuwa bado unakuja, na kazi haikuwa imekwisha.

ALHAMISI: Kiasi Katika Jambo Jema

Soma Kutoka 23:29, 30 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Kwa nini Mungu hakuwapa Israeli nchi yote katika mwaka mmoja?

Sisi Waadventista tumefundishwa kwamba kiasi ni kuacha kabisa kinachodhuru na kutumia kwa busara kilicho chema. Sehemu ya kwanza tunaihubiri sana. Sehemu ya pili tunaisahau, hasa jambo lenyewe linapokuwa jema kama mazoezi. Mungu aliahidi nchi, lakini aliitoa kidogo kidogo, mpaka watu wawe wengi wa kutosha kuitunza. Hata baraka ikija kwa siku moja inaweza kumwelemea anayeipokea.

Anayerudia baiskeli baada ya muda mrefu na azingatie haya:

Kama una umri mkubwa, shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, zungumza kwanza na daktari, na umsikilize mpaka mwisho.

Anza na dakika 15 au 20 kwenye njia tambarare, asubuhi au jioni, ukiwa na maji. Pumzika siku inayofuata. Maumivu ya misuli huongezeka siku ya pili na ya tatu, hivyo usijisifu jioni ya siku ya kwanza.

Jipime kwa mazungumzo. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unaendesha, mwendo unafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Ongeza kidogo kila juma. Pumzi hurudi mapema, lakini kano na viungo huchelewa, na wengi huumia pale wanapojisikia wamepona. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma kwa watu wazima. Hilo ni lengo la kulifikia kwa hatua, si mzigo wa siku ya kwanza.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia, misuli kuvimba au mkojo kuwa na rangi nyeusi si mambo ya kuvumilia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuomba na kwenda hospitali havipingani.

Na katika kila juma Mungu ameweka siku ambayo hatuhitaji kuthibitisha chochote kwa mtu yeyote. Anayeipokea Sabato kwa moyo hujifunza kusimama kabla ya kuangushwa.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika miaka ya 1890, mjini Battle Creek, Marekani, makao makuu ya kanisa wakati huo, waumini wengi walivutwa na baiskeli, zilizokuwa za bei kubwa. Ellen G. White, aliyekuwa akiishi Australia, aliwaandikia kuwaonya. Ujumbe huo umo katika juzuu ya 8 ya Shuhuda kwa Kanisa. Hakukataza mazoezi, kwa maana maisha yake yote alihimiza kazi za mikono na hewa safi. Alihuzunishwa na fedha zilizotumika huku kazi ya Mungu ikipungukiwa, na roho ya kushindana nani atampita mwenzake. Chombo kile kile chaweza kubeba mhubiri au kubeba majivuno.

Mzee wetu hakuirudisha baiskeli ghalani. Kwa majuma ya kwanza aliendesha mpaka kisimani na kurudi, na watoto wa jirani walimpita wakicheka. Mwezi wa tano alilifikia lile kundi. Alipumzika mara tatu njiani, akalala huko, akarudi kesho yake. Vijana walisafiri pamoja naye, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia, ili mwendo uwe wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Yakobo alikuwa tayari Esau atangulie. Kwa nini ni vigumu kwetu kuwaacha wengine watangulie?

2. Kanisa lenu humpokeaje ndugu anayerudi baada ya miaka mingi? Je, mnampa mkate na maji kwanza, au mnampa kazi?

3. Mtu mmoja anasema, "Nikiwa na imani, Bwana atanipa nguvu hata nikizidisha." Ungemjibuje kwa kutumia 1 Wafalme 19 na Mathayo 4:5–7?

4. Ni nani katika kundi lenu anayehema sasa hivi lakini anaona aibu kusema? Mtapunguzaje mwendo kwa ajili yake juma hili?