Uzuri wa Shamba la Chai ni wa Nani?

Msafiri akitoka Kericho kuelekea Litein, lazima atoe simu apige picha. Michai imekatwa sawasawa hadi bonde zima linaonekana kana kwamba limenyolewa na kinyozi mmoja. Kwamba pale ni pazuri, mimi sibishi. Ninachouliza ni kama tunaweza kuuona uzuri huo bila kuuliza umetoka wapi.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, angesema tunaweza. Katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi wa uzuri, anatoa mfano wa kasri. Umeulizwa kama kasri hilo ni zuri, nawe unajibu kwamba hupendi wakubwa wanaomwaga jasho la raia kwa vitu visivyo na haja. Sawa, anasema Kant, lakini hilo silo uliloulizwa. Anayehukumu uzuri aweke kando faida, hasara na hasira, atazame tu.

Haya, tumlete Kericho. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti. Unabaki kiunoni kwa sababu unapogolewa na kuchumwa, majani mawili na chipukizi, raundi baada ya raundi, na mtu anayelipwa kwa kilo. Ule usawa tunaousifu ndio kazi yenyewe. Kasri unaweza kulitazama ukamsahau mwashi. Hapa, ukiiondoa mikono ya mchumaji, mandhari yenyewe inaondoka.

Hata ule upana una historia. Kwetu Konoin, upande wa Bomet, chai ya wakulima wadogo imekatizwa na nyumba, mahindi na ng'ombe wawili watatu. Sijaona kalenda yenye picha yake. Jicho linapenda mashamba makubwa yasiyo na boma katikati. Lakini watu waliishi kwenye ardhi hii kabla ya kampuni kuanza kupanda chai miaka ya 1920. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo utulivu unaoniburudisha machoni, kuna mtu aliyeulipia kwa kuhama.

Je, umbali ni wa lazima ili mtu aone? Edmund Burke, mwaka 1757, aliandika kwamba kitisho kinaweza kutupa raha kikiwa mbali nasi kidogo. Kant naye alisema radi na tufani hutuinua roho mradi tuko salama. Sasa fikiria mvua ya mawe, ambayo huku hatuihadithiwi. Mgeni aliye kwenye veranda anaifurahia. Mama yangu ana nusu ekari tu, na ile sauti juu ya mabati ni ya majani yake yakichanwachanwa. Wiki kadhaa hatakuwa na cha kupeleka kituoni. Kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake.

Lakini mawe yakiisha, mama husimama mlangoni, akalitazama shamba limekuwa jeupe pe, akanyamaza. Kisha husema, "Lakini Mungu ana nguvu, jamani." Halafu ndipo anaanza kuhesabu hasara. Hana usalama ule wa Kant, na bado ameuona ukuu wenyewe. Kwa maoni yangu ameuona vizuri kuliko wa veranda, maana yeye anajua ni kitu gani kimepita hapo.

Ndiyo maana siamini kwamba ladha safi ni ya asiye na chake pale. Mchumaji naye hupenda shamba lililonyooka, na anajua kwa nini limenyooka. Basi piga picha, hata mimi hupiga. Ila mtu akikutajia ardhi au malipo ya kilo, usimwambie anaharibu mandhari. Anakueleza tu kile unachokitazama.