Mwache Aende Baharini

Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imetazamana na Bahari ya Hindi. Mgonjwa anayekwenda kupigwa mionzi huipita bahari hiyo kila siku bila hamu nayo: chakula hakina ladha, mwili umechoka, mawazo yako kwenye foleni. Basi akimaliza matibabu na kusema anataka kuvuka kwenda Unguja wikiendi ya Sauti za Busara, asiambiwe anatapanya pesa.

Tamasha hilo lilianza 2004, hufanyika Februari, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe. Muziki hupigwa mubashara, taarabu kwa bendi za bara zima, hadi usiku mwingi. Mtu aliyekaa miezi akisubiri jina lake liitwe anastahili kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita, apige makofi tu.

Anayemsindikiza ajue haya: ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jua kali, wala maji ya chumvi kabla haijapona, kwa hiyo kanga nyepesi na ufukwe wa jioni vinatosha. Uchovu nao hauondoki na dozi ya mwisho. Hudumu wiki, kwa wengine miezi. Akitaka kulala baada ya bendi ya pili, mrudisheni alikofikia bila kumsihi.

Wapo watakaosema asubiri kwanza vipimo vijavyo. Vipimo atakwenda, tarehe iko kwenye kadi. Furaha ya kumaliza ni ya sasa, na mimi ningemkatia tiketi ya boti leo hii.