Buu wa Nzi na Jicho la Muumini

Ndugu zetu katika Uislamu, wako wasemao kwamba kumtazama buu wa nzi katika hadubini ni kazi duni, haimpasi mtu wa dini. Sisi twauliza: aliyeumbwa na Mola huwaje duni kutazamwa?

Mchukueni buu wa nzi wa kijani. Hana miguu, wala macho ya kuonekana. Kinywani ana kulabu mbili nyeusi za kuchania chakula. Kichwa huzama katika nyama ioozayo. Matundu yake makuu ya kupumulia yako nyuma, na kila moja, akikomaa, lina mianya mitatu. Hivyo hula pasipo kukatika pumzi. Jicho tupu lingeyaona wapi hayo?

Watu wa kale walidhani uozo wenyewe huzaa mabuu. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alieleza jinsi alivyofunika nyama kwa kitambaa, nzi wasiifikie, isitoe mabuu. Dhana ikashindwa na uchunguzi.

Mola wetu amempigia mfano nzi katika Suratul-Hajj. Basi anayekataza kumchunguza hailindi dini. Aulinda ujinga wake. Wallahu aalam.