Amana Katika Hazina ya Shirika

Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, ambaye zamani madeni ya wateja wake aliyaandika katika daftari lenye jalada gumu na kulifungia katika sanduku la chuma, siku hizi huyaweka katika seva. Na kwa kuwa seva haipatani na vumbi la majora ya vitenge, wala joto la duka lisilo na dirisha, wala umeme ukatikao bila taarifa, aghalabu huiondoa chini ya meza yake ya Mtaa wa Kongo na kuipangia nafasi katika kituo cha data, ukumbi mmoja na mashine za watu asiowajua. Moto uliolishika soko kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ulitosha kumfunza kila mwenye duka kwamba mali na kumbukumbu za mali hazifai kulala chini ya paa moja. Basi uamuzi wake ni wa busara. Swali ni hili: akiisha kuipeleka mashine huko na kulipa ijara ya kila mwezi, je, dhima ya yaliyomo ndani yake imemtoka shingoni?

Yafaa kwanza kukijua kinachokodiwa. Dar es Salaam ina Kituo cha Taifa cha data kule Kijitonyama, na vipo vya makampuni binafsi. Na kwa desturi ya biashara hii mpangaji hubaki mwenye mashine yake, akalipia nafasi katika raki, umeme wenye betri na jenereta nyuma yake, ubaridi, njia ya mtandao na ulinzi. Raki ni kabati refu la chuma, milango yake ina matundu, hewa baridi ikiingia mbele na ya moto ikitokea nyuma. Kila mpangaji ana ufunguo wake, ilhali sakafu, lango na mlinzi ni vya shirika. Fundi wa zamu hana ruhusa ya kuyasoma yaliyomo. Lakini mashine ikikwama usiku wa manane, mpangaji humpigia simu, naye huizima na kuiwasha kwa niaba yake.

Mafakihi waliikabili mas'ala hii kabla ya umeme kujulikana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaji yake, kitabu ambacho mashekhe wa Kishafii wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, anahukumu kwamba aliyewekewa amana, akienda kuiweka kwa mwingine pasipo idhini ya mwenyewe wala udhuru, itamlazimu kuilipa. Kisha anafungua mlango mmoja: maadamu hajauondoa mkono wake juu ya amana ile, yajuzu kumtaka mtu amsaidie kuichukua hadi penye hifadhi, au kuiweka katika hazina inayoshirikiwa na wengine.

Huenda mtu akasema kwamba seva ni milki ya mfanyabiashara mwenyewe, na habari si kitu cha kushikika mkononi. Kweli, chuma ni chake. Bali majina ya wachuuzi wa Songea na Lubumbashi, namba zao za simu na kiasi wanachodaiwa, hayo si yake, na siri waliyomwachia imehesabiwa na wanazuoni kuwa amana. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwika wajibu yule azikusanyaye taarifa, hata kama kazi ya kuzichakata kamwachia mwingine.

Imebaki kuujua huo mkono usioondolewa. Kwa rai yangu, ni taarifa kufumbwa kwa ufunguo asiokuwa nao mwenye jengo; ni jina la karani aliyeacha kazi kufutwa siku ile ile katika orodha ya wanaoruhusiwa kulifikia raki; ni nakala ya akiba kuwekwa pengine na kujaribiwa kabla ya msiba. Afanyaye hayo, fundi wa zamu kwake ni hamali aliyemsaidia kubeba. Aliyeyaacha yote na kutosheka na stakabadhi ya malipo, huyo ameuondoa mkono wake, ijapokuwa mashine ingali milki yake.

Mwenye kituo naye hakusalimika. Majalla ya Waturuki wa Uthmaniya ilimlazimisha mtunzaji alipwaye ujira kufidia hasara iliyowezekana kuepukwa, kama wizi. Bali nyaya za baharini zikikatika, kama zilivyokatika tarehe 12 Mei 2024, hakuna awezaye kumdai taksiri. Hata hivyo lawama yake haipunguzi ya mpangaji, kwani yule mchuuzi wa Songea hakuulizwa idhini wala halijui jengo hilo. Amjuaye ni mwenye duka.

Mtume alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali nyuma azirudishe amana za watu, wakiwemo waliompinga. Alimkabidhi mwingine kazi ili haki iwafikie wenyewe, si ili yeye apumzike nayo. Na mfanyabiashara aulizaye bei ya raki pasipo kuuliza nani atakuwa na ufunguo wake, amekodi mahali pa kupumzika.