Tunamlisha mtoto, tunamfedhehesha mama

RAMADHANI moja hapa Kidodi palikuwa na ugawaji wa futari kwa kaya zisizojiweza. Unga, mchele, sukari na mafuta vilipangwa kwenye baraza ya msikiti. Akina mama wakapanga mstari, na kila aliyeitwa jina alitakiwa asimame mbele ya bango, akabidhiwe mfuko, apigwe picha. Mama mmoja kijana, mtoto mchanga mgongoni, zamu yake ilipofika akasema: “Naomba mnipe bila picha.” Akajibiwa kuwa picha ni kumbukumbu ya wafadhili, na kwamba zisipokuwepo mwakani hawatatoa. Akageuka, akaenda zake mikono mitupu. Nyuma yake mtu akasema: “Maskini jeuri!” Mimi, niliyekuwa nimeshika orodha ya majina, nikanyamaza.

Ndugu msomaji, ukimya ule umenisumbua hadi leo. Je, nani alikuwa na makosa pale? Mama aliyekataa unga, au sisi tulioufunga unga ule na fedheha kwa kamba moja?

Allah (SW) ametufundisha katika Suratul-Baqara, aya ya 271, kuwa kutoa sadaka hadharani ni vema, lakini kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Kabla ya hapo, aya ya 264, ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Hakusema sadaka hiyo inapungua thawabu, bali inabatilika. Sasa tujiulize: bango, kamera na jina la mama likiitwa kwa kipaza sauti si maudhi?

Suala hili si la misikiti peke yake. Serikali kupitia TASAF ilizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, baada ya majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Katika sehemu ya kwanza ya mpango, ruzuku ya msingi ya kaya ilikuwa sh. 10,000 kwa mwezi, na kaya zenye watoto ziliongezewa kwa masharti: mdogo apelekwe kliniki, mkubwa aende shule. Wapokeaji wengi walikuwa wanawake. Majina ya walengwa yalipitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na fedha taslimu zikalipwa kijijini, watu wakisubiri kwenye kituo cha malipo. Katika sehemu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, mkazo ukawekwa kwenye malipo ya simu na benki.

Naomba niseme wazi: mabadiliko hayo ni ya kheri. Fedha ikiingia kwenye simu ya mama, jirani hajui, mlevi wa nyumbani hajui, na mikono ya kuidokoa njiani inapungua. Hiyo ni sitara, na ni kurudisha amana kwa mwenyewe. Marekani nao, katika mpango wao wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, uitwao WIC, kwa miaka mingi mama alikwenda dukani na hati za karatasi, na foleni nzima ikamjua. Sheria yao ya mwaka 2010 ikayataka majimbo yote yahamie kwenye kadi ya kielektroniki ifikapo Oktoba 1, 2020. Mama mwenye kadi halipi kwa karatasi ya kumtangaza.

Lakini mashine nayo ina mlango wake, na mlango huo una kizingiti. Nchini kwetu laini ya simu husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Mama asiye na namba hiyo hutumia laini ya shemeji au ya jirani, na hapo siri imekwisha na amana imeingia shakani. Vidole vilivyochakaa kwa jembe na panga la miwa, mashine huweza kukataa kuvisoma. Na wakala yuko mbali, nauli inakula sehemu ya ruzuku. Mama huyu asipopata, tutasema nini? Tutasema “hakufuata utaratibu.” Ni yale yale ya “maskini jeuri”, ila kwa lugha ya ofisini.

Hapa tuna la kujifunza kwa Khalifa Umar bin Khattab (RA). Ibn Saad amepokea kuwa usiku mmoja Umar na Abdulrahman bin Auf (RA) walikuwa wakilinda msafara wa wafanyabiashara pembezoni mwa Madina. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamtaka amche Allah na amtendee wema mwanawe. Mtoto akalia tena, akarudi tena. Mwishoni mwa usiku akamlaumu: wewe ni mama mbaya. Mama, asiyemjua aliyesimama mbele yake, akajibu kuwa anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Alfajiri Umar aliswalisha huku akilia hata watu hawakusikia vema kisomo chake. Kisha akajilaumu kwa watoto wa Waislamu waliodhurika, akaamuru itangazwe: msiwaharakishe watoto kuacha ziwa, posho inaanza tangu kuzaliwa.

Tutazame vizuri. Sharti lile halikuwekwa kwa ubaya, lakini lilimnyang’anya mtoto maziwa ya mama yake, ambayo Qur’an (2:233) imeyataja kwa miaka miwili kamili. Na Umar, pamoja na uadilifu wake, alianza kwa kumlaumu mama. Ukubwa wake ni kwamba alipojua ukweli hakumwambia mama afuate utaratibu. Aliubadilisha utaratibu.

Yupo atakayesema: tukificha kila kitu, wajanja wataingia kwenye orodha, na mkutano wa kijiji uliwekwa ili upendeleo usiwepo. Hoja hii ni nzito na siidharau. Uadilifu nao ni amri ya Allah. Lakini tutenganishe mambo mawili. Anayepaswa kuwekwa hadharani ni mgawaji: amepokea kiasi gani, ametoa kwa vigezo gani, kimebaki nini. Mpokeaji ahakikiwe, ndiyo, lakini na watu wachache waaminifu. Sisi tumefanya kinyume. Mama tumempiga picha, na hesabu za kamati hazijabandikwa ukutani.

Basi wewe msomaji wa Dar es Salaam, Morogoro au Tanga, unayechangia futari kila mwaka, una uwezo wa kubadili hili. Mwambie unayemkabidhi sadaka: sitaki picha ya mama, nataka hesabu. Orodha ishikwe na akina mama wawili watatu wanaoaminika mtaani, waanze na wajawazito na wanaonyonyesha. Mwenye simu atumiwe, pamoja na ada ya kutolea. Asiye na simu apelekewe nyumbani baada ya Isha. Na isiwe Ramadhani tu, kwani mtoto hanyonyi mwezi mmoja kwa mwaka.

Allah ameita sehemu hiyo ya mali zetu kuwa ni haki maalumu ya muombaji na anayenyimwa (70:24-25). Mwenye haki hapigwi picha anapolipwa haki yake. Yule mama hakuwa jeuri. Alikuwa anadai alipwe kama mwenye haki, na mimi niliyeshika orodha ndiye niliyetakiwa kuona haya.

Wabillahi tawfiq.